Sifa ni Ushahidi: Tuzo za Filamu za Machi 1954

Katika Machi 1954 zilifanyika sherehe mbili za tuzo za filamu kwa mpishano wa siku nne. Ya kwanza ilikuwa Bombay, Jumapili ya tarehe 21, katika jumba la sinema la Metro, ambako jarida la Filmfare lilitoa tuzo zake kwa mara ya kwanza. Ya pili ilikuwa Hollywood, Alhamisi ya tarehe 25, ambako Akademi ya filamu ya Marekani ilitoa tuzo za Oscar kwa mara ya 26. Hakuna Mpemba aliyetajwa katika orodha ya Bombay wala ya Hollywood. Hata hivyo kisiwa cha Pemba kilikuwa na fungu lake katika sherehe zote mbili. Filamu za Kihindi zilikuwa zikiletwa Zanzibar kwa meli, na tuni zake zikaingia katika taarabu. Na moja ya filamu zilizowania Oscar ilipigwa Afrika Mashariki, ikapewa jina lililodaiwa kuwa la Kiswahili.

Pemba ilikuwa na kitu kingine ambacho kumbi zile mbili hazikukihitaji kwa usiku mmoja wa furaha: mjadala wa kale, uliorithiwa vyuoni na misikitini, juu ya sifa. Sifa ni mali ya nani? Anayeitafuta anapoteza nini? Na anayeitoa anabeba dhima gani? Swali la mwisho ndilo linaloulizwa mara chache zaidi, na ndilo ambalo tuzo za 1954 zinalifunua kwa uwazi mkubwa.

Neno lenyewe lina mengi ya kusema. Tuzo inatokana na kutuza, na kutuza ni ndugu wa kutunza. Katika Kiswahili cha mwambao, kutunza kuna maana mbili zinazokaa nyumba moja bila kugombana: kukihifadhi kitu kisiharibike, na kumpa mwimbaji au mchezaji zawadi mbele ya watu. Katika hafla ya taarabu mtunzaji huinuka kitini, akaenda kwa mwendo wa wimbo mpaka alipo mwimbaji, akamtia noti mkononi au akamwekea kwenye paji la uso, kisha akarudi kukaa. Hakuna orodha ya walioteuliwa wala bahasha inayofunguliwa. Mara nyingi aliyeinuka ameguswa na maneno yaliyomkuta katika jambo lake mwenyewe, na waliokaa karibu naye huenda wanalijua jambo hilo. Anatoa chake, anaonekana anapotoa, na baada yake anaweza kuinuka mwingine. Kumtunza huyu hakumnyimi yule.

Hata katika kibati, ngoma ya Pemba ambayo wachezaji wake hujibizana kwa maneno ya papo kwa papo, neno lililopata shabaha hujulikana kwa mwitiko wa waliohudhuria. Washairi wakubwa wa kisiwa, Kamange na Sarahani, walijibizana kwa beti, na watu wa Pemba waliwahifadhi wote wawili. Mwaka 2011 tungo zao zilitoka pamoja katika kitabu kimoja, Kale ya Washairi wa Pemba. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya kutunza ikifanya kazi ya maana ya pili: kuwahifadhi washairi hao kulikuwa ndiko kuwatuza.

Tuzo ya filamu ni kitu cha namna nyingine. Inatolewa na taasisi, kwa kura, kwa mmoja kati ya kadhaa, na uzito wake wote unatokana na wale walioikosa. Ndiyo maana inazusha maswali ambayo noti ya mtunzaji haiyazushi.

Filmfare ilikuwa jarida la miaka miwili tu, lililoanzishwa mwaka 1952 na kampuni ya The Times of India. Tuzo zake za kwanza ziliitwa Clares, kwa kumkumbuka Clare Mendonça, mhakiki wa filamu wa gazeti hilo, na wapigakura walikuwa wasomaji wenyewe. Mafungu yalikuwa matano. Filamu bora ilikuwa Do Bigha Zamin, na mwongozaji wake, Bimal Roy, akawa mwongozaji bora. Dilip Kumar alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu ya Daag. Meena Kumari alipata ya mwigizaji bora wa kike, na Naushad ya mtunzi bora wa muziki, wote wawili kwa Baiju Bawra.

Katika orodha hiyo fupi mna jambo linalohusu moja kwa moja swali la sifa. Dilip Kumar alipewa na wazazi wake jina la Muhammad Yusuf Khan, na Meena Kumari alizaliwa Mahjabeen Bano. Waislamu wawili walituzwa kwa majina ya Kihindu waliyovishwa na soko la filamu. Hakuna aliyedanganywa, kwa sababu watazamaji wengi walijua. Lakini usiku ule wa kwanza tayari sifa ilikuwa imetua juu ya jina, na jina halikuwa la mtu aliyelala nalo utotoni.

Do Bigha Zamin ni kisa cha Shambhu, mkulima mwenye vipande viwili vidogo vya ardhi na deni kwa bwana wa kijiji. Bwana huyo anaitaka ardhi ili kijengwe kiwanda. Shambhu anakwenda Calcutta kuvuta riksho ili alipe deni, na mwisho ardhi inapotea. Mtu wa Pemba hakuhitaji mkalimani kukielewa kisa hiki. Baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja na kuibakisha ya Pemba, kisiwa hiki ndicho kilichobeba sehemu kubwa zaidi ya karafuu za Zanzibar, na pamoja na karafuu kikabeba rehani. Wenye mashamba walikopa kwa kutegemea mavuno yajayo. Mavuno yalipopungua au bei ilipoanguka, deni lilibaki palepale. Kufika mwaka 1934 hali ilikuwa mbaya kiasi cha serikali ya ukoloni kutunga sheria ya kuzuia mashamba yasihamie kwa wadai. Katika mambo haya hakuna Mpemba aliyefanana moja kwa moja na Shambhu, lakini hofu ilikuwa moja: kwamba jasho la mtu linaweza kuandikwa katika daftari la mwingine.

Aliyeigiza Shambhu ni Balraj Sahni. Filamu yake ilikuwa bora, mwongozaji wake alikuwa bora, na katika sherehe za Cannes za mwaka huohuo wa 1954 filamu hiyo ilipata Tuzo ya Kimataifa. Yeye mwenyewe, aliyebeba kila pigo la kisa kile usoni mwake, hakutuzwa Bombay. Hilo si dhuluma kwa maana ya kisheria, maana kura zilipigwa na Dilip Kumar ni mwigizaji mkubwa. Linaonyesha tu kwamba tuzo inaweza kusifu nyumba na kuiacha boriti yake.

Baiju Bawra, iliyoongozwa na Vijay Bhatt mwaka 1952, inalikaribia swali la dini zaidi kuliko filamu yoyote ya mwaka ule, kwa sababu yenyewe ni kisa cha mashindano. Baiju ni mtoto wa mwimbaji aliyeuawa katika ugomvi na walinzi wa Tansen, mwanamuziki mkuu wa mfalme Akbar. Baiju anakua na kiapo cha kulipa kisasi kwa kumshinda Tansen katika uimbaji. Anakwenda kwa mwalimu mkubwa, Swami Haridas, na mwalimu anamkataza: sauti yenye chuki haiwi muziki. Baadaye, akiwa amevunjika moyo kwa mapenzi na huzuni, Baiju anaimba na kushinda. Anapopewa haki ya kuidai damu ya Tansen, anaiacha. Tansen naye anafurahi kushindwa na aliye juu yake. Ushindi unafika pale tu nia ya kuutafuta ilipokufa.

Mwislamu wa Pemba anayekisikia kisa hiki hukumbuka jambo alilofundishwa mwanzo kabisa wa masomo yake, hadithi ya nia, kwamba matendo huhesabiwa kwa makusudio ya mtendaji. Nyimbo za filamu hii zina shahidi wa ajabu wa hadithi hiyo. Wimbo wake mashuhuri wa kuabudu, unaomlilia Hari, mungu wa Wahindu, uliandikwa na Shakeel Badayuni, ukatungiwa muziki na Naushad na kuimbwa na Mohammed Rafi, na wote watatu walikuwa Waislamu. Mtu anaweza kuuliza, na wapo waliouliza, kama kazi ya namna hiyo inafaa. Jibu la kila mmoja litategemea mizani yake ya fikihi. Lakini tuzo haikuwa na njia ya kuingia moyoni mwa watu hao na kujua walikusudia nini. Ilisikia sauti tu.

Hapa ndipo penye mpaka wa kwanza. Aristotle aliusema karne nne kabla ya Nabii Isa: heshima haiwezi kuwa lengo kuu la maisha, kwa sababu iko zaidi mikononi mwa wanaoitoa kuliko kwa anayeipokea. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi. Katika Ihya Ulum al-Din ametenga kitabu kizima kuhusu jaha na ria, yaani kutenda ili kuonekana. Neno la kwanza Waswahili wanalijua vizuri, maana huombeana milango ya jaha. Kwetu limekuwa heri na heshima. Kwa Ghazali ni jambo la kuogopwa. Mali, anasema, ni kumiliki vitu, na jaha ni kumiliki nyoyo za watu. Na mtu akishaonja kumiliki nyoyo, huona mali ni kitu kidogo.

Ghazali anauliza kwa nini nafsi hupenda kusifiwa, na sababu anazozitoa zinafika hadi ukumbi wa Metro na wa Hollywood bila kubadilishwa herufi. Sifa humwonyesha mtu ukamilifu wake, naye kwa maumbile anaupenda ukamilifu. Sifa humwambia kwamba moyo wa anayesifu uko chini yake. Sifa inayosemwa mbele ya watu huvuta nyoyo nyingine zije. Na sifa hudhihirisha haiba, kwamba hata asiyetaka amelazimika kukiri. Sababu ya kwanza huanguka mara mtu anapojua kuwa anayesifu hakuujua ukweli wake. Zile nyingine hazianguki zote hata kama sifa ni ya uongo, na ndiyo maana uongo katika sifa una ladha tamu kuliko uongo mwingine wowote.

Katika sahihi ya Muslim imepokewa hadithi nzito kuhusu watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiama: aliyeuawa vitani, mwanachuoni msomaji wa Qurani, na tajiri mtoaji. Kila mmoja anaambiwa kwamba alitenda ili isemwe kuwa yeye ni hivi na hivi, na imekwisha kusemwa. Malipo yake yalikuwa zile kauli za watu, naye alishayapokea. Ukali wa hadithi hii uko katika uteuzi wake. Hawakutajwa wacheza ngoma wala waigizaji. Walitajwa wabora wa jamii, ili asijidhani yeyote kuwa kazi yake ni tukufu mno kiasi cha kutoguswa na ria.

Wapo wanaoisoma hadithi hiyo na kukata shauri kwamba sifa zote ni haramu na tuzo zote ni mtego. Usomaji huo ni mfinyu. Katika sahihi hiyohiyo Mtume aliulizwa juu ya mtu anayetenda wema kisha watu wakamsifu, akajibu kuwa hiyo ni bishara njema iliyoharakishwa kwa muumini. Nabii Ibrahimu mwenyewe, katika sura ya Ash-Shu'araa aya ya 84, anaomba apewe kutajwa kwa kweli katika vizazi vitakavyokuja. Hakuomba kusahauliwa, aliomba kutajwa kwa kweli. Neno la uzito katika dua ile ni kweli, na kweli hailetwi na anayetajwa. Inaletwa na mtajaji.

Mjadala wa ria umekuwa ukimtazama mpokeaji wa sifa, na haki yake ni kutazamwa. Lakini dini ina upande wa pili. Mtu mmoja alipomsifu mwenzake mbele ya Mtume, Mtume alimwambia kuwa ameikata shingo ya mwenzake. Na kama ni lazima kusifu, mtu aseme kuwa anamdhania hivyo, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kumhesabu. Katika tukio jingine jeneza lilipita, waliokuwepo wakamtaja marehemu kwa wema, na Mtume akawaambia kuwa wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Hadithi hizi mbili zimo katika Bukhari na Muslim, na hazipingani. Ya kwanza inamfunga msifu asivuke anachokijua. Ya pili inamwonyesha uzito wa anachokisema akikijua. Zote mbili zinalihesabu neno la sifa kuwa ushahidi. Na ushahidi una masharti: aliyeshuhudia awe ameona, amtaje aliyetenda kwa jina lake, wala asimpe mmoja kitendo cha mwingine.

Kwa mizani hiyo, usiku wa tarehe 25 Machi 1954 Hollywood ulikuwa usiku wa ushahidi uliokwenda kombo.

From Here to Eternity ya Fred Zinnemann iliondoka na tuzo nane kati ya 13 ilizoteuliwa kuwania, pamoja na ile ya filamu bora. William Holden akawa mwigizaji bora wa kiume kwa Stalag 17. Katika fungu la mwigizaji bora wa kike waliteuliwa watano: Leslie Caron, Ava Gardner, Audrey Hepburn, Deborah Kerr na Maggie McNamara. Hepburn alishinda kwa Roman Holiday, kisa cha binti mfalme anayetoroka ubalozi siku moja akatembea Roma kama mtu wa kawaida. Kisa hicho chenyewe kilipata tuzo ya hadithi bora ya filamu, na aliyetangazwa kuwa mwandishi wake ni Ian McLellan Hunter.

Hunter hakukiandika. Mwandishi alikuwa Dalton Trumbo. Mwaka 1947 Trumbo alikataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, na mwaka 1950 alifungwa jela kwa kulidharau Bunge. Studio zilimweka katika orodha ya wasioajiriwa. Rafiki yake Hunter alikubali kuweka jina lake juu ya kazi ya Trumbo ili iuzwe na mwenyewe apate kula. Akademi, bila kujua, ikamtuza asiyeandika. Mwaka 1957 ikarudia: tuzo ya hadithi ya The Brave One ilikwenda kwa Robert Rich, jina ambalo nyuma yake hakukuwa na mtu ila Trumbo tena.

Aya ya 188 ya sura ya Aal Imran inawaonya wale wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Ukiisoma juu juu, inamwangukia Hunter. Lakini Hunter hakupenda. Alijibebesha sifa isiyo yake kama mtu anavyombebea jirani mzigo uliopigwa marufuku, na fedha ya kazi ikamfikia mwenyewe. Nia yake ilikuwa kusaidia. Lawama, kama ipo, iko kwa waliotengeneza hali ambayo kweli haikuweza kutajwa. Tuzo ya 1954 iliwekwa juu ya woga, na ushahidi uliotolewa chini ya woga mahakama yoyote ya kadhi huutilia shaka.

Mfano wa pili unaihusu Afrika Mashariki, na unauma zaidi. Mogambo ya John Ford ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Afrika ya Kati mnamo 1952 na 1953, wakati hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya. Jina la filamu lilitangazwa kuwa neno la Kiafrika, na mara nyingi kuwa la Kiswahili lenye maana ya mapenzi makali. Mzawa wa Wete au Chake Chake angeligeuza neno hilo mdomoni mchana kutwa asilipatie maana. Filamu iliteuliwa mara mbili: Ava Gardner kwa mwigizaji bora wa kike, Grace Kelly kwa mwigizaji msaidizi. Wote wawili walikosa Oscar, ingawa Kelly alipata Golden Globe.

Katika filamu hiyo wanaonekana mamia ya Waafrika, wakipiga makasia, wakiimba, wakicheza. Filamu haikutungiwa muziki wa Kizungu kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood. Uliachwa muziki wa wenyeji. Na katika orodha ya washiriki wametajwa: kabila la Wasamburu wa Koloni la Kenya, kabila la Wahaya wa Tanganyika, kabila la Wagenya wa Kongo ya Kibelgiji, kabila la Wambeti wa Afrika ya Ikweta ya Kifaransa. Hakuna jina la mtu katika majina hayo. Inaweza kusemwa kuwa kutajwa kwa kabila ni bora kuliko kutotajwa, na kwa filamu za miaka ile ni kweli. Lakini kabila haliimbi. Anayeimba ni mtu mwenye koo lake na mama yake. Kutaja kabila mahali pa mtu ni kuushukuru mto kwa maji aliyoyateka mtekaji.

Hadithi nyingine, iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, inasema kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Shukrani kwa watu haiwezi kufanywa kwa jumla jumla. Hilo linajulikana katika kila arusi ya Pemba, ambako mwenye shughuli akisahau kumtaja mpishi mmoja kati ya wapishi kumi, maneno yatakayofuata yatadumu kuliko wali.

Kosa la aina hiyo si la Wazungu peke yao. Tuni za filamu za Kihindi zilizoingia taarabu ya Zanzibar zilivishwa maneno ya Kiswahili, zikaimbwa na kutunzwa, na jina la mtunzi wa tuni huko Bombay halikutajwa jukwaani. Kazi ya kuchagua tuni na kuitungia maneno ilikuwa kazi halisi na ilistahili noti zilizotolewa. Ila ushahidi uliotolewa ulikuwa nusu. Na Bombay kwenyewe mambo hayakuwa mazuri zaidi. Katika mashindano ya mwisho ya Baiju Bawra, sauti zinazosikika ni za Ustad Amir Khan na D. V. Paluskar, waigizaji wanafumbua midomo tu. Filmfare ilikuwa na tuzo ya mtunzi wa muziki, lakini haikuwa na tuzo ya mwimbaji. Lata Mangeshkar, ambaye sauti yake ilikuwa imebeba filamu nyingi kuliko uso wowote, alikataa kuimba katika sherehe za tuzo hizo mpaka waimbaji watakapokuwa na fungu lao. Fungu hilo lilianzishwa mwaka 1959, na wa kwanza kulipata akawa yeye mwenyewe, kwa wimbo wa filamu ya Madhumati.

Je, kukataa kule kulikuwa kutafuta jaha? Mtu wa nje hawezi kuhukumu. Kilichoonekana ni kwamba alidai fungu la waimbaji wote, na kwamba baadaye, karibu na mwaka 1970, aliomba asifikiriwe tena ili wapewe nafasi wachanga. Matendo hayo mawili yakisomwa pamoja yanafanana na mtu aliyedai shahidi aseme kweli, kisha akajiondoa kizimbani.

Wanafikihi nao walilijua tatizo la tuzo kwa sura yake ya kisheria. Ipo hadithi inayofunga dau la mashindano katika mambo matatu: ngamia, farasi na mishale. Wengi waliishika kwa ufinyu wake, kwa kuwa dau linalotolewa na washindani wenyewe linakaribia kamari. Wanachuoni wa Kihanafi, na Ibn al-Qayyim pia, walilipanua hadi katika elimu, kwa hoja kwamba dini husimama kwa ilimu kama inavyosimama kwa silaha. Na zawadi inapotoka kwa mtu wa tatu asiyeshindana, shaka ya kamari huondoka. Kwa njia hii mashindano ya kuhifadhi Qurani, yanayofanyika Pemba na Unguja, yamepata nafasi yake, na watoto hutoka na zawadi mbele ya wazazi wanaofuta machozi. Mtoto aliyehifadhi anakaa palepale alipokaa yule msomaji wa hadithi ya watu watatu. Walimu wanalijua hilo, na wengi wao humpa mtoto zawadi na nasaha kwa wakati mmoja. Wale waamuzi wanaosikiliza makosa ya tajwidi wana faida ambayo wapigakura wa filamu hawana: wanajua kinachosomwa, wanamjua msomaji kwa jina la baba yake, na kosa linasikika.

Kufananisha filamu na filamu hakuna kipimo cha namna hiyo. Mwigizaji wa Mogambo na wa Roman Holiday hawakuigiza kitu kimoja, na kura inayomweka mmoja juu ya mwingine haipimi, inachagua. Kuteuliwa, kwa mtazamo huu, ni ushahidi ulio safi kuliko kushinda: unasema kuwa kazi tano zinastahili kutazamwa, na unakomea hapo. Tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza kufanyika mwaka 1998, nalo linatoa tuzo, na ile kubwa imepewa sura ya jahazi la dhahabu. Tamasha hilo limekuwa pia likipeleka filamu vijijini, Pemba ikiwemo, ambako zinatazamwa bila kura. Kazi hiyo ya pili inakaribia zaidi maana ya kale ya kutunza.

Akademi ya Marekani ilirekebisha ushahidi wake. Mwaka 1975 Trumbo alikabidhiwa sanamu ya The Brave One. Alifariki mwaka uliofuata. Sanamu ya Roman Holiday ilikabidhiwa mwaka 1993 kwa mjane wake, Cleo, miaka 39 baada ya jina la rafiki yake kusomwa ukumbini. Iliwezekana kwa sababu waliokuwa karibu walijua nani aliandika, na jina lake lilikuwepo la kurudishiwa. Kwa waimbaji wa Mogambo marekebisho hayo hayana mlango wa kuingilia. Sauti zao bado zimo katika filamu, na katika orodha bado yameandikwa majina ya makabila manne.